Kiu ya Gari Moshi: Vituko vya Reli ya Tabora hadi Mwanza

Visa vya treni ya shamba hufanana popote vinaposimuliwa. Treni imesimama porini, hakuna anayeuliza kwa nini. Abiria ameshuka, amepatana bei ya jogoo, amerudi behewani na jogoo wake kwapani, na treni bado ipo pale pale. Ng'ombe wamejaa relini, dereva anapiga filimbi, mchungaji anawaswaga taratibu kama mtu asiyedaiwa na yeyote. Stesheni masta ameshika bendera yake ya kijani lakini haipungi, kwa kuwa kuna mama anakuja mbio na mzigo kichwani. Kwenye njia ya Tabora kwenda Mwanza visa vya aina hii vimepokezanwa tangu enzi za mvuke, na karibu kila msimuliaji huviweka kwenye fungu la vichekesho: hivi ndivyo mambo yalivyokuwa huko bara, watu wetu na saa havipatani. Maelezo hayo ni mepesi mno. Vituko vya reli hii vina chanzo kinachoweza kufuatiliwa kwenye ramani, kwenye mvua na kwenye tumbo la injini yenyewe, nacho ni maji. Injini ya mvuke ilikuwa na kiu, ikapelekwa kwenye nchi kavu, na mengi tunayoyacheka yalizaliwa hapo.

Kabla ya kufika kwenye maji inafaa kuuliza ni nani aliyetufundisha kucheka. Reli za Afrika Mashariki ziliandikwa kwanza na watu waliozitazama kupitia dirishani. Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipanda Reli ya Uganda kutoka Mombasa mwaka 1909 akiwa ameketi kwenye benchi lililofungwa mbele kabisa ya injini, akitazama wanyama, kisha akaandika safari ile kama mtu aliyepita katika zama za kale za dunia. Winston Churchill alikuwa amepita njia hiyo hiyo mwaka 1907. Kisa cha Charles Ryall, ofisa wa polisi aliyetolewa na simba ndani ya behewa pale Kima mwaka 1900, kilirudiwa hadi kikapoteza harufu ya damu na kugeuka mapambo ya mazungumzo ya chakula cha jioni. Kule Uingereza kwenyewe, mchoraji Rowland Emett alijipatia jina kwa kuchora vitreni vya kijijini vyenye mabomba marefu na madereva wenye usingizi, na mwaka 1951 umma uliweza kupanda treni yake ya mzaha kwenye bustani ya Battersea, London. Waingereza walianza kuzionea huruma reli zao ndogo wakati magari yalipokuwa yanazinyang'anya abiria. Zaidi ya miaka 10 baadaye ripoti ya Richard Beeching ya mwaka 1963 ilipendekeza nyingi zifungwe. Jicho hilo la huruma na mzaha ndilo lililoletwa kutazama reli zetu, ambazo wakati huo hazikuwa zinakufa hata kidogo. Mwaka 1951 mkulima wa pamba wa Kwimba, kando ya njia hii ya Mwanza, hakuwa na sababu ya kuionea treni huruma. Alikuwa anaingoja.

Njia yenyewe ni changa kuliko wengi wanavyodhani. Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, vita vikawakuta wakiwa na mipango mingine mezani. Kwa miaka yote hiyo Mwanza ilikuwa imeelekea upande mwingine. Reli ya Uganda ilifika ufukweni Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, na kuanzia hapo meli za mvuke, Winifred, Sybil, Clement Hill na wenzao, zilikusanya ngozi, karanga na pamba za upande wetu na kuzipeleka kaskazini ili zishuke baharini Mombasa. Mji wa Tanganyika ulikuwa unalisha bandari ya Kenya. Baada ya vita, Tume ya Afrika Mashariki iliyoongozwa na William Ormsby-Gore ilitoa ripoti yake mwaka 1925 ikihimiza mkopo mkubwa wa njia za usafiri, na katika miaka hiyo hiyo, Donald Cameron akiwa gavana, reli ilisogezwa kutoka Tabora kuelekea kaskazini hadi ikagusa ziwa mwaka 1928. Ni takriban kilomita 380. Inapita Bukene, Isaka, Luhumbo, Shinyanga, Songwa, Seke, Malampaka, Malya, Bukwimba, Mantare na Fela, halafu inashuka kati ya majabali hadi Mwanza. Kwenye vitabu vya reli iliitwa tawi, na tawi limebaki kuitwa, ingawa lilikusudiwa kuugeuza uso wa mkoa mzima kutoka Mombasa kuuelekeza Dar es Salaam.

Sasa tazama ardhi. Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko mita 1,134. Kati ya sehemu hizo mbili hakuna Kilimanjaro wala Bonde la Ufa. Kuna mabonde mapana, vilima vya mawe na mbuga za udongo mweusi. Mhandisi wa reli akionyeshwa nchi kama hiyo hufurahi, maana injini haitatweta. Kwa hesabu ya milima peke yake, hii ingepaswa kuwa moja ya njia nyepesi kuliko zote za Tanganyika, na treni zake zingeteleza tu. Lakini injini ya mvuke haishindani na mlima peke yake. Kila hatua inayokwenda inachemsha maji, inayasukuma kwenye silinda kama mvuke, kisha inayatema angani kupitia bomba la moshi. Maji hayo hayarudi. Injini ya baharini hupoza mvuke wake na kuutumia tena. Ya reli, isipokuwa chache zilizoundwa kwa ajili ya majangwa, haifanyi hivyo. Kwa hiyo safari ya karibu kilomita mia nne katika nchi ambayo mvua yake huanza Novemba na kukatika Mei, na ambayo mito yake mingi ni mchanga mtupu kufikia Agosti, ni safari ya kuhesabu matanki. Na maji yenyewe, hata yakipatikana, si yote yanayofaa. Maji ya visima vya nyanda za kati mara nyingi yana chumvi na chokaa. Yakichemka huacha ukoko kwenye mabomba ya ndani, ukoko huzuia joto, injini inakula kuni zaidi kwa kazi ile ile, na hatimaye lazima ipumzishwe ioshwe tumbo.

Waliotengeneza injini walilijua hili vizuri kuliko waliotunga vichekesho. Reli za Kenya, Uganda na Tanganyika zilipounganishwa mwaka 1948, shirika jipya liliagiza injini ambazo ziliitwa kwa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Zile za daraja la 30, zilizoundwa Glasgow na kuingia kazini mwaka 1955 na 1956, zilikuwa ndugu wa karibu wa daraja la 29, ila zilivuta nyuma yao tenda kubwa zaidi ya maji kwa ajili ya njia ambako maji yalikuwa adimu. Moja yao, namba 3020, yenye jina la Wanyaturu, imehifadhiwa kwenye makumbusho ya reli Nairobi, na anayeitazama kwa ubavu ataona jinsi tenda ilivyo ndefu. Huo ni ushahidi wa chuma. Mtu haongezi tani za maji nyuma ya injini kwa sababu watumishi wake ni wavivu.

Sasa, treni ikisimama kunywa, mamia ya watu wanasimama pamoja nayo. Kujaza tenda si kazi ya dakika mbili, na kama injini inakula kuni, kama zilivyofanya nyingi za Tanganyika kabla mafuta mazito hayajachukua nafasi baada ya Vita Kuu ya Pili, kuna pia magogo ya kupanga, majivu ya kukokoa, mabomba ya kusafisha. Katika muda huo soko linazaliwa. Upande wa Tabora ni asali. Ukisogea Usukuma ni karanga, mahindi ya kuchemsha, kuku wa miguu iliyofungwa, na viazi vitamu katika sura zake zote mbili za kukaushwa: michembe iliyokatwa mibichi na matobolwa yaliyochemshwa kwanza. Karibu na ziwa ni samaki. Bidhaa hizi zina tabia moja ya kushangaza, kwamba nyingi hazihitaji maji ya kupikia pale pale wala hazioshwi, na zinavumilia treni iliyochelewa nusu siku. Matobolwa hayana haraka. Mama aliyechagua kuyauza badala ya kitu kinachochacha alikuwa ameisoma ratiba ya kweli, ile isiyobandikwa ukutani. Kwa hiyo abiria mwenye jogoo kwapani hakuwa akiidhihaki reli. Alikuwa anautumia muda ambao injini yenyewe ilikuwa imeutoa, na kila mtu stesheni alijua muda huo ni wa kiasi gani, pengine kuliko yule aliyeandika ratiba Dar es Salaam.

Hapa panaweza kuja pingamizi la kwanza, nalo ni zito: masoko ya njiani ni ya zamani kuliko reli. Misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ilikuwa ikienda pwani na kurudi karne nzima kabla ya reli, kila mpagazi na mzigo wa karibu kilo 30, na wenyeji wa njiani walikuwa wakiuza nafaka, maboga na kuku kwenye kambi. Basi kwa nini tuipe injini sifa ya jambo ililolikuta? Jibu ni kwamba pingamizi hilo linaisaidia hoja. Mpagazi naye alikuwa na kiu. Kambi za misafara zilifuata visima, mabwawa na mito, na kiongozi aliyejua mahali pa maji wakati wa kiangazi alikuwa na thamani kuliko aliyejua njia fupi. Reli ilikuja na mashine inayohitaji maji mengi mara maelfu kuliko mpagazi, lakini ikalazimika kuuliza swali lile lile katika nchi ile ile. Watu waliokuwa wamezoea kuwauzia wapagazi wenye kiu walielewa haraka biashara ya treni yenye kiu. Huo ndio urithi, na ndiyo sababu masoko hayakuhitaji kufundishwa na serikali wala kampuni. Kwenye Reli ya Kati mahali kama Saranda palijulikana nchi nzima kwa chakula chake bila tangazo lolote.

Pingamizi la pili ni la watu wa reli wenyewe. Watasema: maji ni sehemu tu, treni ilisimama hasa kwa sababu njia ni moja. Kwenye reli ya njia moja, treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila stesheni, na hakuna dereva anayeruhusiwa kuingia kipande kinachofuata mpaka stesheni ya mbele ikubali. Moja ikichelewa, nyingine inachelewa ikiingoja, na ya tatu inachelewa ikiingoja ya pili. Hili ni kweli, na anayebisha hajawahi kutazama ratiba ya reli ya njia moja. Lakini uliza treni ya kwanza ilichelewa wapi. Uliza pia kwa nini stesheni ya kupishania iliwekwa pale ilipo na si kilomita tano mbele. Mahali penye kazi mbili, kupishana na kunywa, ni bora kuliko mahali pawili penye kazi moja moja, maana stesheni bila maji ni gharama: watumishi wake, pamoja na magenge ya kutunza njia na familia zao, walipaswa kuletewa maji kwa treni. Kuna mazingira mengine yaliyoiongezea njia hii uzito, hasa udongo mweusi wa mbuga, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukiinua reli huku na kuizamisha kule mpaka dereva apunguze mwendo. Nalo hilo ni suala la maji, ila maji yaliyokuja kwa wingi na kwa wakati usiotakiwa. Nchi ile ile iliyoinyima injini kinywaji Agosti ilisomba mataruma Machi.

Ng'ombe relini ni kisa kinachopendwa kuliko vyote, na ni kisa kinachoeleweka vibaya kuliko vyote. Usukuma ni nchi ya mifugo mingi, na mwenye macho ya haraka atasema basi, ng'ombe wengi, reli moja, watakutana. Lakini ng'ombe hawasambai ovyo. Mchungaji huwapeleka kwenye majani na maji. Tuta la reli linapokatiza mbuga tambarare huzuia mtiririko wa mvua, na mashimo yaliyochimbwa udongo wa kujengea tuta hubaki kando kama mabwawa madogo. Maji yakikaa, majani hubaki mabichi pembeni ya reli wakati kwingine pamegeuka vumbi. Injini na ng'ombe walivutwa mahali pamoja na kitu kimoja. Mchungaji asiyekimbia alikuwa amekwisha kupima: treni inayokaribia mahali pa kunywa inapunguza mwendo, na inayotoka pale inaanza polepole. Alijua. Sisi tuliokuwa dirishani ndio tuliodhani hajui. Wakati mwingine, bila shaka, hesabu ilikosewa, na hapo hapakuwa na kicheko, maana ng'ombe wa Msukuma ni mahari, ni akiba, na ni neno lake mbele ya wakwe.

Hapo tunafika kwenye pingamizi ambalo haliwezi kujibiwa kwa kutabasamu. Reli hii haikujengwa ili watu wale matobolwa. Ilijengwa kuondoa pamba, na nyuma ya pamba kulikuwa na kodi, na nyuma ya kodi kulikuwa na amri. Kuziita shughuli zake vituko, pingamizi linasema, ni kuufunika ukoloni kwa khanga ya maua. Itazame Malya. Msafiri aliona stesheni ndogo yenye joto. Lakini Malya ndiyo iliyofanywa makao ya Mpango wa Maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947, na ni hapo lilipokutana baraza la shirikisho la watemi wa Usukuma. Kutoka hapo zilitoka amri za kulima kwa matuta, za kupunguza mifugo, za kuhamisha watu, pamoja na mabwawa ambayo watu waliyataka kweli. Amri hizo ziliwakera wananchi kiasi kwamba upinzani ulienea Kanda ya Ziwa yote; mwaka 1954 serikali ilikizuia chama cha TANU kufanya kazi katika jimbo hilo, na zuio lilidumu hadi 1958. Na wale wanaochekwa kwa kusimamisha treni walikuwa ni watoto wa watu waliokata misitu kwa maelfu huko Shinyanga katika kazi za kufukuza mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na waliorundika kuni kando ya reli kwa ujira mdogo ili injini ipate moto.

Pingamizi hili ni la haki, na jambo zima haliwezi kueleweka bila hilo. Hata hivyo linatakiwa lisituibie nusu ya pili ya historia. Kama reli ilikuwa chombo cha kunyonya tu, basi kila dakika iliyosimama ilikuwa hasara kwa mnyonyaji, na kila dakika hiyo hiyo ilikuwa mapato kwa mtu fulani wa Bukwimba au Seke. Kiu ya injini ilikuwa ndiyo ufa pekee kwenye ratiba ya mkoloni ambao mwanakijiji angeweza kuingiza mkono wake. Sijui namna bora ya kuueleza ujanja wa watu wale kuliko huo. Katika miaka hiyo hiyo wakulima wa pamba walikuwa wanafanya jambo la aina moja kwa kiwango kikubwa: walichukua mizani kutoka kwa wanunuzi wa kati, wakaanzisha vyama vyao vya ushirika, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana kuwa shirikisho la Victoria, Paul Bomani akiwa kinara wake. Marobota yaliyopakiwa kwenye mabehewa baada ya hapo yalikuwa bado yanakwenda bandarini, lakini bei yake ilikuwa imepitia mikono mingine. Aliyeuza kuku dirishani na aliyedai mizani ya haki walitoka kijiji kimoja, na mara nyingi nyumba moja.

Limebaki pingamizi la mantiki, na nadhani ndilo kali kuliko yote. Kama maji ndiyo yaliyosababisha vituko, basi injini za dizeli zilipokuja vituko vingekwisha. Dizeli hainywi tenda ya maji kila baada ya mwendo mfupi. Mvuke ulikuwa unarudi nyuma katika Afrika Mashariki tangu miaka ya 1960. Baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977 na Shirika la Reli Tanzania kuundwa, injini chache za mvuke ziliendelea kufanya kazi, hasa za kupanga mabehewa, hadi ndani ya miaka ya 1980, kisha zikazimwa. Lakini treni ya Mwanza haikuacha kusimama. Kutoka Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na safari imeendelea kuchukua mchana na usiku hadi karibu saa 40, pamoja na masoko yale yale kwenye stesheni zile zile. Je, hoja ya maji haijaanguka?

Haijaanguka, imebadilika kuwa hoja ya mazoea. Maji yaliamua stesheni ziwe wapi. Stesheni zikaamua vijiji vikue wapi, maghala ya pamba yajengwe wapi, mnada uwe wapi, shule na zahanati vifuate wapi. Kufikia wakati dizeli inakuja, sababu ya kwanza ilikuwa imekwisha kufunikwa na sababu nyingine hamsini. Treni haikuhitaji tena kunywa Malampaka, lakini Malampaka ilikuwa imekwisha kuhitaji treni. Ukiongeza upungufu wa vichwa vya treni, reli zilizochakaa na madaraja yaliyosombwa, miaka ya baadaye ilitoa ucheleweshaji wa namna nyingine kabisa, ambao hauna utani ndani yake. Miaka ya ukodishaji kwa kampuni ya RITES ya India, kuanzia 2007, iliishia serikali kuichukua tena reli. Abiria aliyelala stesheni siku mbili kwa sababu hakuna kichwa cha treni hakuwa kwenye kituko. Ni vyema kutenganisha hayo mawili: kusimama kwa injini yenye kiu kulikuwa na utaratibu, na utaratibu huo ndio uliowawezesha watu kupanga biashara zao, ila kuharibika ovyo, hakuna anayeweza kukupangia biashara ya matobolwa.

Kuna mzaha mmoja ambao jiografia yenyewe iliufanya, na mtu wa Buswelu yuko mahali pazuri pa kuufurahia. Buswelu, makao ya Manispaa ya Ilemela mkoani Mwanza, iko upande wa pili wa vilima. Reli haifiki huko, na anayetaka treni lazima ashuke mjini. Lakini ziwa liko jirani, na ukubwa wake ni karibu kilomita za mraba 69,000. Injini iliyohesabu kila tanki tangu Tabora ilimaliza safari yake mbele ya ziwa la maji matamu lenye eneo kubwa kuliko yote Afrika, mahali ambapo sasa haikuwa na pa kwenda. Reli iliishia pale ambapo ingeweza kunywa bila kuhesabu. Na kana kwamba haitoshi, katikati ya miaka ya 1960 shirika la reli lilileta meli zenye reli juu ya sitaha, zikiwemo Umoja na Uhuru, ili mabehewa yenyewe yavuke ziwa kwenda Kisumu na bandari za Uganda. Behewa lililopita Shinyanga kwenye vumbi lilimalizia safari likielea. Umoja ilirudishwa kwenye safari ya Mwanza na Port Bell mwaka 2018, hivyo kituko hicho si cha kale tu. Wa Mwanza hawaoni ajabu yoyote kwenye behewa linalopanda meli. Ajabu ni ya mgeni. Lakini mgeni huyo huyo akiona mama anapitisha sahani ya samaki dirishani, huandika kurasa tatu.

Reli mpya ya kisasa sasa inajengwa kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341 ukijumlisha na njia za kupishania, jiwe lake la msingi likiwa limewekwa Fela mwezi Juni 2021. Ni ya umeme, kama ile ambayo imekwisha kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma tangu mwaka 2024. Treni ya umeme haina kiu. Haihitaji bwawa, haihitaji kuni, haihitaji hata tanki la mafuta, na uzio wake haumruhusu mchungaji kuupima mwendo wake wala mama kulifikia dirisha. Wapangaji watakuwa na haki ya kujivunia dakika walizookoa. Swali ambalo historia ya njia ya zamani inawaachia ni la kiutendaji kabisa: zile stesheni ndogo zilizopo kwa sababu injini ilitaka maji mwaka 1928 zitapewa sababu gani nyingine ya kuwa stesheni? Isaka ina bandari yake kavu na mizigo ya Rwanda na Burundi. Fela ina yadi za ujenzi. Bukwimba na Mantare zina pamba, mpunga na ng'ombe, na treni yenye haraka haisimami kwa ajili ya mpunga isipokuwa mtu ameiandika kwenye ratiba. Basi na iandikwe, mapema, kabla majukwaa hayajamaliza kumwagwa zege.